Mwalimu wa Kwaya na Betri za Wavuvi

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyelipatia ziwa sauti na akatupa sisi masikio, kisha akamwachia kila mmoja wetu achague atasikiliza nini. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na wote waliowafuata kwa wema. Namshukuru Mola kwa umri alionipa na kwa majirani alionipangia, maana jirani hachaguliwi sokoni. Miongoni mwao yuko mmoja ambaye nikimwandika moyo hunienda mbio kama wa kijana, na habari zake ndizo nitakazozisimulia.

Hapa mtaani kwetu Buzebazeba tunamwita Mwalimu wa Kwaya, ingawa kwaya aliiacha zamani. Sitasema alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Anayetaka nasaba akamwulize mwenyewe, naye atamjibu kwa kumwuliza anaimba sauti gani. Yeye ni Mkristo wa kanisani kila Jumapili, mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani, na kati yetu upo ukuta mmoja wa matofali ya udongo ambao mvua zote zilizonyesha hazijaweza kuuangusha. Yeye huniita Maalim. Akiwa na hasira huniita Shehe.

Ni mtu mfupi mwenye mikono mikubwa. Akisikia sauti iliyompendeza huinua kidole kimoja juu, popote alipo, na hapo hakuna ruhusa ya kusema. Amewahi kukiinua benki, mhudumu akadhani anataka kuuliza swali. Amewahi kukiinua makaburini, jembe lilipogonga jiwe, na wafiwa wakamtazama vibaya. Jioni yake alikwenda kuomba radhi nyumba nzima, mtu kwa mtu, na alipofika kwa mjane akamweleza pia lile jiwe lilikuwa limetoa sauti gani. Mjane alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie.

Wakati wa adhana hufunga kinanda chake. Sikumwomba kamwe. Siku moja alikuja ukutani baada ya alfajiri akaniambia, "Maalim, muadhini wenu leo ana mafua, ameanzia chini." Nilimkuta muadhini kweli amejifunga shuka shingoni, anakunywa maji ya tangawizi.

Najua baadhi ya wasomaji wataniuliza mwalimu wa chuo anatafuta nini kwenye habari za vinanda. Wanazuoni wetu wamesema mengi juu ya ala za muziki, na niliyosoma sijayasahau. Hapa sikukaa kutoa fatwa. Naandika habari za jirani, na alichokifanya jirani huyu sijaona kingine mfano wake kutoka Ujiji hadi Kidahwe.

Kwa miaka mingi alifundisha kwaya za kelele. Ngoma tatu, kayamba, vigelegele, vijana wanaruka hadi madirisha yanatikisika. Kumbe muda wote huo mwenyewe alikuwa akipenda ile dakika moja kabla ya wimbo kuanza, watu wakivuta pumzi. Aliniambia hivyo siku kanisa lilipomuaga. Walikuwa wamenunua kinanda kipya chenye midundo iliyokwisha tengenezwa, wakapata na kijana wa kukipiga, wakamshukuru mzee vizuri kwa sala na saa ya ukutani, na kile kinanda cha zamani wakampa aende nacho nyumbani. Ile saa hakuitundika. Alisema inagonga haraka kuliko moyo wake.

Kundi lake la muziki lilizaliwa kwa kosa. Zawadi, binti aliyekuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya yake na aliyesomea mambo ya kompyuta, alikuja kumsalimia siku ya mvua. Kile kinanda kilikuwa kimeingia mchanga, na kitufe kimoja kilinasa chini kikawa kinalia mfululizo. Mwalimu alinyanyuka kutafuta bisibisi. Alipokuwa anapekua sandukuni, ile sauti moja ilikuwa ikiendelea, na mvua juu ya bati ikiendelea, na vitu viwili hivyo vikaanza kushikana. Mimi nilikuwa upande wangu nimekinga ndoo, na nashuhudia kwamba nilisahau ndoo. Zawadi akanyoosha mkono akibonyeze kitufe ili kipande juu. Mwalimu akainua kidole.

"Mwache," alisema. "Bado anaongea."

Tangu siku ile ikawa kazi. Zawadi alirekodi kwa simu mvua, injini za boti, filimbi ya treni inapofika mwisho wa reli, na wanawake wa dagaa wanapogeuza dagaa mchangani kwa mafagio. Kisha kwenye kompyuta yake alizivuta sauti hizo zikawa ndefu mno, mpaka fagio moja likawa kama pumzi ya mtu aliyelala. Ramadhani, kijana wa Rusimbi, alileta gitaa, na badala ya kulipiga akawa analisugua nyuzi zake kwa mshipi wa kuvulia. Bukuru, ambaye ni pacha na hutembea kama anayemsubiri mwenzake, alishika spika na waya. Mwalimu alikaa kwenye kinanda akabonyeza sauti mbili, pengine tatu, akazishikilia. Hakuna ngoma. Hakuna mwimbaji. Wakajiita Subira ya Maji. Vijana wa mtaani wakawaita Subira ya Usingizi.

Mwalimu alikuwa na misemo yake ya kazi. Alisema sauti ni mgeni, usimfukuze kabla hajanywa maji. Alisema kelele ni sauti iliyoingia kabla ya zamu yake. Vijana wakizidisha mambo aliwaambia, "Batoto bangu, punguzeni chumvi, hii samaki imetoka ziwani tayari." Na mtu huyu aliyehubiri subira hakuwa na hata chembe yake kwenye foleni. Dukani alijipenyeza mbele ya wakubwa na wadogo, akitoa udhuru kwamba ana wimbo kichwani utamwagika. Tena aliyelirekodi ziwa mchana na jioni aliliogopa. Mara moja tu alikubali kupanda boti, akashika ubao kwa mikono yote miwili, na kifaa cha kurekodi akakishika kwa meno. Ile rekodi bado wanayo. Inasikika injini, maji, na mzee akisoma Zaburi kupitia puani.

Shida yao ilikuwa moja, nayo ilimla Mwalimu kuliko umaskini. Watu hawakukaa. Kwenye harusi ya Rusimbi walipiga kwa muda mrefu, vizuri kweli, na mshereheshaji alikuwa amesimama pembeni na kipaza sauti akiwasubiri wamalize kujaribu vyombo. Hatimaye akawauliza kwa adabu wataanza lini. Kidahwe walialikwa kwenye shukrani ya mavuno, jenereta likawazidi sauti, na watu wakaondoka mmoja mmoja kwenda kwenye pilau. Mwalimu aliagiza jenereta lisogezwe karibu, akalirekodi, akarudi nyumbani amefurahi nusu. Ile nusu nyingine aliileta ukutani.

"Maalim, wewe watu wako wanakaa mpaka mwisho wa hotuba."

Nikamwambia wengine wanakaa kwa sababu viatu vyao wameviacha mbali, mlangoni. Hakucheka.

Alichokitaka hakikuwa sifa. Alitaka watu wa pwani hii, ambao sauti zao ndizo alizozichukua, wakae chini mara moja wazisikilize mpaka mwisho. Na muda ulikuwa unamwishia. Mwenye studio mmoja mjini alikuwa amewaita Zawadi na Ramadhani, akawaambia ana nafasi yao, sharti waweke mdundo na mtu wa kuimba. Hawakumficha Mwalimu. Walikubaliana kwamba watapiga mara moja pale ufukweni, mbele ya wavuvi na wauza dagaa wenyewe. Watu wakikaa, kundi litaendelea. Wakiondoka kama walivyozoea, kila mtu atakwenda zake kwa heri. Bukuru, ambaye hakuitwa na mtu yeyote, alikubali naye.

Hapa lazima nieleze jinsi walivyokuwa wakipata umeme. Umeme wa waya ulikuwa ukiingiza mvumo kwenye spika zao, na muziki mtulivu kama ule hauna mahali pa kuuficha. Basi walitumia betri, nazo waliziazima kwa wavuvi. Dagaa wetu huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa hupanda kwenye mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, hivyo boti hukaa nchi kavu, nyavu hushonwa, na zile betri kubwa za taa hulala bila kazi. Kundi zima lilikuwa limezoea kupiga kwa ukarimu wa mbalamwezi, hata wakaacha kufikiri kwamba ni mbalamwezi.

Mwalimu alipanga siku kwa kalenda ya kanisa. Jumamosi, alasiri, ili Jumapili awe na la kushukuru. Akapata kibali cha mtaa, akaalika watu mpaka Kibirizi, akatangaza kwa spika. Siku mbili kabla alikuja ukutani akiwa amevaa shati jipya kulijaribu. Nikamwuliza betri atapata wapi.

"Kwa wavuvi, kama siku zote."

Mimi huhesabu mwezi kila siku kwa ajili ya ibada. Nikamwambia, "Mwalimu, Jumamosi ni tarehe ishirini na saba ya mwezi mwandamo. Mwezi utakuwa umekwisha. Boti zote zitakuwa majini."

Alishika ukuta. Kisha akaanza kufungua vifungo vya shati jipya, kimoja kimoja, kama mtu aliyefika nyumbani. Hakuweza kuahirisha, kibali kilikuwa cha siku ile tu, na studio ilikuwa imetaka jibu. Nilimwambia twende tukaongee na watu, kwani Mungu hafungi mlango akasahau dirisha. Tukashuka wote wawili mpaka kwa nahodha mzee anayesikilizwa na wenzake pale ufukweni. Tulimkuta anakagua taa zake. Mwalimu alieleza vibaya, kwa woga, akirudia rudia. Nahodha alisikiliza akiwa ameinama.

"Betri nitakupa, na wenzangu watakupa," alisema. "Lakini boti yangu haisubiri wimbo, Mwalimu. Wakati wa kutoka ukifika nachukua changu, hata kama umefumba macho unasali."

Hayo ndiyo yalikuwa masharti. Kila betri itaondoka na boti yake.

Jumamosi hiyo niliswali alasiri mapema nikashuka. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, wamekaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, juu ya marundo ya nyavu, juu ya madumu. Wengi walikuja kwa sababu hakuna kiingilio. Mama Hawa, muuza dagaa ambaye ulimi wake unajulikana tangu Katonga, hakuacha hata kazi yake. Aliendelea kugeuza dagaa kandokando, na muziki ulipoanza na kwenda polepole kama ulivyo akapaza sauti, "Mwalimu, kama ni matanga tuambieni tulete unga." Ufukwe mzima ukacheka. Niliona mabega ya Zawadi yakishuka. Mwalimu hakugeuka. Alishikilia sauti zake mbili.

Watu wa kwanza wakaanza kunyanyuka. Wawili, kisha familia moja na mikeka yao. Nilijikuta nasoma dua ambayo sikuwa nimepanga kuisoma mahali pale.

Hapo ndipo kijana wa boti ya kwanza alipokuja, akapita katikati ya wapigaji, akasema samahani, akachomoa betri yake. Ile spika ya Bukuru yenye sauti nene ilizimika. Sauti ile ilikuwa chini ya nyingine zote, na wengi hatukuwa tumejua kwamba tunaisikia. Ilipotoka, tuliisikia. Familia yenye mikeka ikasimama ilipofikia. Boti ikasukumwa, injini ikashika, na mlio wake ukaenda ukielekea majini, ukakaa palepale ilipokuwa ile sauti nene, ila sasa unatembea.

Akaja wa pili. Gitaa la Ramadhani likaondoka, na boti nyingine ikaingia. Watu wakaanza kukaa tena. Mzee mmoja aliyekaa kando yangu akaninong'oneza akiuliza ni betri ipi itafuata, nikamwambia sijui, akasema yeye anadhani ni ya yule binti. Ilikuwa ya yule binti. Zile pumzi za mafagio zilikatika, na Mama Hawa, ambaye fagio lake lilikuwa likienda muda wote, alibaki analisikia lake tu. Akalisimamisha. Nikaona analitazama mkononi kana kwamba limesema neno.

Ikabaki betri moja, ya nahodha, na kinanda kimoja. Nahodha alikuja mwenyewe. Alisimama nyuma ya Mwalimu na hakugusa kitu, na wenzake ndani ya boti walikuwa wanamwita. Yule aliyesema boti haisubiri alisubiri. Mwalimu akaachia sauti moja, akabaki na nyingine, kisha yeye mwenyewe akainama akachomoa waya, akanyanyua ile betri kwa mikono yake mikubwa na kumkabidhi. Boti ya mwisho ikatoka. Injini zote zikawa mbali, kila moja na sauti yake, zikipungua juu ya maji kuelekea upande wa Kongo.

Ndugu msomaji, mimi nimesoma vitabu, nimesikia wahubiri wakubwa, lakini sijaona watu wengi namna ile wamenyamaza bila kuamrishwa. Hakuna aliyejua kama muziki umekwisha. Tulikaa mpaka injini ya mwisho ikawa haisikiki tena, au labda ilisikika bado kwa wenye masikio mazuri, na hapo ndipo makofi yalipoanza, kwa aibu kidogo, yakaja yakawa mvua. Zawadi analia, Ramadhani anamkumbatia Bukuru, Bukuru anatafuta waya zake. Niliwahi swala ya magharibi nikiwa napumua kama niliyekimbia.

Hawakwenda studio. Zawadi aliirekodi ile siku na kuiweka mtandaoni, na watu wa miji ambayo sijui hata iko upande gani wa dunia wakaanza kuwaandikia. Wakaitwa Dar es Salaam, wakarudi, wakaitwa tena. Mpaka leo ndivyo wanavyopiga, vyombo vikiondoka kimoja kimoja, na watoto wa mjini wanadhani ni ubunifu uliofikiriwa mezani.

Nilitegemea mzee atatulia. Hakutulia. Vijana walipokuwa wanasherehekea, yeye alikuja ukutani na lile shati jipya limeloa jasho, akaniambia, "Walikaa kutazama betri, Maalim. Kama watu wanavyotazama nyumba inayohamwa. Sijui kama walikaa kwa ajili ya sauti." Nilijaribu kumtoa kwenye wazo hilo. Kila habari njema ilipofika aliifurahia kwa ajili ya watoto wake, kisha uso ukarudi kwenye swali lilelile. Hao wa mbali wamesikia, alisema. Wa hapa je?

Sasa nifike kwenye siku niliyokusudia tangu nilipoanza kuandika, nayo haijakaa sana. Tulikuwa Kibirizi, mimi na yeye, kila mmoja na mkoba wake, tunanunua dagaa. Amezeeka, nami nimezeeka, na tulikuwa tunabishana ni nani anatembea polepole zaidi. Mama Hawa alituona kutoka mbali. Aliacha wateja, akaja na ungo kiunoni, akaniamkia vizuri, shikamoo Maalim, kisha akamgeukia mwenzangu bila salamu.

"Mwalimu, nina kesi na wewe."

Mwalimu akasema kama ni deni la dagaa, aliyekula ni mimi, siye yeye.

"Siyo dagaa. Ule wimbo wenu wa siku ile hamkuumaliza. Mlikunja waya mkaenda zenu, mimi mkaniacha nao. Kila boti zikitoka naacha fagio, nasikiliza pale mlipokomea, na hauishi. Nataka uniambie, mwisho wake uko wapi? Maana mimi bado nimekaa."

Mwenzangu aliniegemea begani kwa uzito wake wote. Nilidhani ameshikwa na ugonjwa. Kisha akamwuliza, kwa sauti ndogo sana, kama anaukumbuka. Mama Hawa akatazama kulia na kushoto, kwa sababu ni mtu wa heshima zake sokoni, akauvumisha kooni, ungo bado kiunoni. Sauti ya kwanza ilikuwa sawasawa. Ya pili ilikuwa sawasawa. Halafu akaenda juu kidogo, mahali ambapo hata mimi nilijua hawakupita siku ile.

"Hiyo ya tatu siyo yangu," alisema Mwalimu.

"Ya nani sasa?"

"Yako, mama. Rudia."

Akarudia. Mwalimu akanipa mkoba wake wa dagaa bila kunitazama, akaniambia lazima amkute Zawadi kabla haijamtoka sikioni, na mzee yule, mwenye magoti kama yangu, akakimbia. Alikimbia akipanda mchanga wa Kibirizi, akiwakwepa wachukuzi, anavuma njia nzima sauti tatu, na watu wakimpisha wakidhani kuna jambo baya. Mama Hawa aliniuliza kama amemkosea. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, nikashindwa kumjibu mpaka alipokwisha kupotea nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa.

Nawe uliyenisoma kwa uvumilivu, Mwenyezi Mungu akujaalie sikio tulivu na jirani mwema, akulinde na majuto ya kuondoka mapema penye heri, na kila ulichokianza kwa nia safi akikamilishie kwa njia usiyoitazamia. Amina.